Ruhusa ya Kuuza na Ruhusa ya Kubaki

Wapo vijana wa visiwa vyetu waliovuka bahari kwenda kusoma Uingereza. Akishahitimu huko, kijana aweza kuomba viza ya wahitimu, iliyoanzishwa tarehe 1 Julai 2021. Kwa mwenye shahada ya kwanza au ya pili, muda uliowekwa ulikuwa miaka miwili. Kwa maombi yanayopelekwa tangu tarehe 1 Januari 2027 ni miezi 18. Muda huo ukisha, viza hiyo haiongezwi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Viza ya wahitimu humruhusu mtu kujiajiri. Basi kijana hufungua biashara, wazee huuza shamba la mikarafuu wampelekee mtaji, na wote hudhani kwamba biashara ikisimama, ruhusa ya kukaa itakuja yenyewe. Haiji.

Iko viza nyingine, ya mwanzilishi wa biashara, iliyowekwa tarehe 13 Aprili 2023 badala ya ile iliyodai mtaji wa paundi 50,000. Sharti hilo la mtaji limeondolewa, lakini mizani ingali nzito. Kabla ya kuomba, hapana budi mtu apate barua ya chombo kilichoidhinishwa na serikali ya Uingereza, kuthibitisha kwamba wazo lake ni jipya, latekelezeka na laweza kukua. Tathmini hiyo hulipiwa paundi 1,000, na kila mkutano wa ukaguzi wa baadaye, usiopungua miwili, paundi 500. Barua ikipitisha miezi mitatu haifai tena kuombea. Duka la viungo, hata likileta faida nono, litakataliwa iwapo mfano wake umejaa mitaani. Anayefaulu hupewa miaka mitatu, na baadaye aweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Twawaasa vijana waanze kulipima wazo lao mapema, wasingoje mwezi wa mwisho wa viza. Wazee nao waulize habari ya barua kabla ya kuuza shamba, kwani maji yakimwagika hayazoleki. Na maofisa wetu wanaosimamia masomo ya ng'ambo wana wajibu wa kuyaeleza haya waziwazi kabla kijana hajapanda ndege. Atakayerudi nyumbani na elimu yake apokewe kwa heshima. Shamba la babu lingalipo, na kazi ipo.