Ndagala Wanapungua: Darasa Lisikilize Hoja Zinazopingana (Sehemu ya Pili)

Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa tope la chini ya Ziwa Tanganyika. Walikadiria kwamba mwani, ambao ndio mwanzo wa chakula cha samaki wote, umepungua kwa asilimia 20 hivi, na samaki huenda kwa asilimia 30. Sababu, walisema, ni joto: maji ya juu yakipata moto huwa mepesi, upepo ukashindwa kuyachanganya na ya chini, na rutuba ikabaki kilindini. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake wakapinga: mavuno ya wavuvi hupanda na kushuka hasa kwa sababu mbinu za uvuvi zimebadilika. Mwaka 2016 kundi la Andrew Cohen likarudi kwenye tope, likahesabu mabaki ya samaki, na kuona kwamba upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Mwanafunzi wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, ambaye ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, ni kitoweo cha kwao, anastahili kufundishwa mvutano huu wote badala ya kukaririshwa sentensi moja. Mwalimu aulize: kama kosa ni la nyavu peke yake, mabaki yangepunguaje kabla nyavu hizo hazijafika? Na je, joto likithibitika, nyavu zimesamehewa? Hapana, sababu mbili zaweza kulielemea ziwa moja kwa pamoja.

Wapo watakaosema mtihani unataka jibu moja. Basi mtihani nao uulize ushahidi upi unaunga mkono hoja ipi; hilo lina jibu, na linasahihishika. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tukifungua mlango huu, kila dhana itadai nafasi darasani. La hasha. Chukua mfano wa Mto Ruzizi: msafiri Richard Burton aliambiwa na wenyeji wa Uvira mwaka 1858 kwamba unaingia ziwani, lakini baadaye akashikilia kwamba unatoka kuelekea Nile. Novemba 1871 wasafiri Livingstone na Stanley walifika mlangoni mwa mto, wakaona maji yanaingia. Dai la Burton sasa ni somo la historia tu. Hoja hupewa nafasi darasani kwa vipimo vyake, na vipimo vikiikana, huondoka.

Juma lijalo: vifaa gani vinahitajika kwa somo la namna hii?