Fromaji ya Masisi: maziwa yanayovumilia barabara

Ile fromaji iliyokuwa inatufikia Kindu kwa ndege kutoka Goma watu wanaiita "fromaji ya Goma". Kweli haitengenezwi mujini. Inatoka kwenye vilima vya Masisi, Kivu ya Kaskazini, ambako malisho mengine yanapita mita 2.000 na baridi ni ya kutosha. Mapadri wa Ubelgiji ndio walileta kazi hiyo miaka ya 1970. Ladha yake iko karibu na gouda ya Uholanzi.

Juu ya nini fromaji, na si maziwa? Juu ya barabara. Lori ikikwama siku mbili ndani ya matope, maziwa yameharibika. Fromaji inangoja. Tena kubeba ni rahisi: litre 10 hivi za maziwa zinatoa kilo 1. Na haiombi umeme. Mutengenezaji anapasha maziwa moto kidogo kwa kuni, anatia dawa ya kugandisha, anakata yale yaliyoganda vipande vipande, anachuja, anakandamiza ndani ya umbo la duara, kisha analaza katika maji ya chumvi. Halafu rafu ya mbao, kugeuza na kungoja. Usafi ndio kazi kubwa. Ndoo moja chafu inaharibu sufuria nzima.

Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza ngombe wengi wa Masisi, lakini ufundi ulibaki kwa watu.

Na sisi Maniema, tuanze? Jibu langu: hapana, si sasa. Kindu iko karibu mita 500 tu, joto ni jingi, na tsetse inaua ngombe wa milimani. Ngombe wa N'Dama anavumilia ugonjwa wake, ila maziwa yake ni kidogo, ndama mwenyewe anayahitaji.

Kitu cha kuchukua ni kingine. Danemark, nchi ya fromaji ya Havarti, wakulima wa kijiji cha Hjedding walifungua koperative yao ya maziwa mwaka wa 1882. Mwenye ngombe wengi na mwenye mmoja, kila mutu kura moja. Faida waligawa kufuatana na maziwa ambayo kila mmoja alileta. Kanuni hiyo inafaa kabisa kwa mashini ya kukoboa mupunga: kura moja kwa kila mwanachama, faida kwa kilo alizoleta, na kilo hizo ziandikwe mbele yake siku ileile.