Bomba la Tuscumbia

Wapwa zangu, sogeeni. Mdogo wenu ameniuliza: "Mjomba, kwa nini mwalimu wangu wa tuisheni huniuliza habari za paka wangu kabla ya hesabu?" Swali zuri hilo! Anayeuliza hivyo ana macho ya ndani. Basi nitaliachia bomba lijibu.

Bomba gani? Bomba la mkono, la chuma, lile la kuvuta mpini juu na chini. Lilikuwa nyumbani kwa akina Keller, mji wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, Marekani. Mwaka ni 1887. Lisikilizeni.

"Mimi ni bomba. Hakuna jambo la nyumba hii linalonipita, maana kila mtu lazima apate kiu. Tuna mtoto hapa, Helen. Aliugua akiwa na miezi 19. Alipopona, hakuona tena, hakusikia tena. Sasa ana miaka sita, na ana ishara zake za mikono tu. Mezani anazunguka, anachota kwenye sahani ya kila mtu. Ukimkataza, anajitupa chini. Wazazi wanamwonea huruma, wanamwacha.

"Tarehe 3 Machi akaja mwalimu, Anne Sullivan, binti wa miaka 20. Alisomea shule ya vipofu ya Perkins, huko Boston, kwa sababu hata yeye macho yake yaliharibiwa na trakoma."

"Mjomba, mtu asiyeona wala kusikia anafundishwaje?"

Hongera kwa kuuliza! Kwa kiganja. Kila herufi ina umbo lake la vidole, na mwalimu analifanya ndani ya mkono wa mtoto. Anne alianza na mwanasesere: d-o-l-l. Helen akaiga vidole vizuri sana. Lakini hakujua kwamba lile ni jina la kitu. Siku chache baadaye alimfungia mwalimu chumbani, akaficha ufunguo! Baba mtu akaleta ngazi, mwalimu akatolewa dirishani. Siku nyingine Helen akamng'oa mwalimu jino.

"Mjomba, mwalimu hakufunga virago?"

Hakufunga. Aliomba nyumba ndogo iliyokuwa jirani, wakae wawili tu. Mwanzoni Helen hakutaka hata kuguswa. Wakala pamoja, wakavaa pamoja, wakatunga ushanga pamoja. Siku zikapita. Kisha siku moja Helen akakubali kukaa mapajani mwa mwalimu, dakika moja au mbili. Dakika mbili tu, wapwa zangu! Kwangu mimi hizo ndizo kubwa kuliko zote katika kisa hiki, ingawa watu hupenda kusimulia habari za bomba. Bomba lenyewe linakiri.

"Kweli. Tarehe 5 Aprili walikuja kwangu. Maji yakamwagika kwenye mkono mmoja wa Helen. Kwenye mkono wa pili mwalimu akaandika w-a-t-e-r. Mtoto akasimama kimya. Akaelewa! Akainama, akagusa ardhi, akauliza jina lake. Akauliza na jina langu! Kisha akamgeukia Anne: na wewe je? Anne akaandika: Mwalimu. Saa chache baadaye alikuwa na maneno mapya kama 30. Lakini msinisifu mimi. Nikikaa muda bila kuvutwa, ngozi iliyomo ndani yangu hukauka, nikatoa hewa tu. Unanimwagia kikombe cha maji kwanza, ndipo nakupa ndoo. Kikombe kilikwisha mwagwa kule nyumba ndogo."

Umeona sasa habari ya paka? Sisemi kila mwalimu anayeulizia paka ni Anne Sullivan. Wengine wanavuta muda tu. Lakini wako anamwaga kikombe chake. Nawe mjibu vizuri. Tena muulize na wewe: mwalimu, hesabu ilikutesa ulipokuwa mdogo? Helen naye aliuliza jina la mwenzake.

Baadaye Helen aliingia chuo cha Radcliffe. Anne alikaa ubavuni pake darasani, akimwandikia masomo kiganjani, na macho yake yale yale mabovu. Helen akahitimu mwaka 1904, kiziwi-kipofu wa kwanza kupata shahada. Walikuwa pamoja kwa miaka 49, mpaka Anne alipofariki mwaka 1936. Miaka yote hiyo Helen alimwita Mwalimu.