Tairi linalong'aa si tairi jipya

Ukiuziwa tairi la mtumba hapa Tabora, jeusi linalong'aa, lipanguse kwanza. Huenda limepakwa dizeli au oili chafu kuficha nyufa, na mafuta ya namna hiyo huuvimbisha mpira na kuulegeza. Mzigo ukizidi njiani, litapasuka.

Kiwandani mpira huchanganywa na nta na dawa ya kuzuia nyufa. Tairi linapozunguka, dawa hiyo hupanda juu polepole. Gari likilala juani wiki kadhaa halipati kinga hiyo. Anayetaka kupaka atafute dawa ya silikoni iliyochanganywa na maji: aoshe tairi kwa sabuni, likauke, apake ubavuni tu, kidogo. Panapokanyaga barabara pasiguswe, gari litateleza. Hata hivyo nyufa zilizokwisha kuingia hazizibwi na dawa yoyote.

Kisha soma tarakimu nne ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019.

Mimi langu hulilaza chini ya mwembe. Miembe ya njia ya Bagamoyo hadi Ujiji iliwapa wapagazi kivuli. Mpira nao unakihitaji.