Je, Wajua? Pumzi Hunatisha Dhahabu

Je, wajua kwamba herufi ya dhahabu kwenye kadi iliyoandikwa kwa mkono hunatishwa kwa pumzi? Ufundi huu ni wa waandishi wa miswada wa Ulaya ya Zama za Kati. Kwanza huandikwa maneno, kwa kalamu ya ncha bapa inayoshikwa kwa pembe ileile, na mistari minene na myembamba hujitokeza yenyewe. Herufi kubwa ya mwanzo huachiwa nafasi.

Herufi hiyo hujazwa jeso, yaani plasta laini iliyochanganywa na gundi na sukari kidogo, ambayo ikikauka hubaki imeinuka. Kisha fundi huipulizia pumzi ya moto kwa kijirija cha karatasi. Unyevu huamsha gundi, naye fundi hubandika upesi utando wa dhahabu mwembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara. Feni izimwe kabisa, isiupeperushe! Kisha dhahabu husuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ing'ae. Zamani hata jino la mbwa lilitumika. Rangi huja mwisho, maana dhahabu huweza kuganda juu yake.

Huna dhahabu? Usijali. Kitabu cha Kells, kilichopambwa yapata mwaka 800 na kuhifadhiwa Dublin, hakina dhahabu. Manjano yake ni ya madini yenye aseniki, sumu ambayo nyumbani usiiguse. Nako Siyu, kisiwani Pate, misahafu ya kale ilipambwa kwa nyeusi, nyekundu na manjano.