Bibi ya Askari Naye Anatumika

Hapa Kasapa tunawajua watoto wa askari kwa lugha yao. Wakicheza wanasema Kiswahili kama sisi wote, lakini ugomvi ukianza Kilingala kinatoka. Tangu wakati wa Wabelgiji Kilingala ndicho lugha ya jeshi, na mtoto wa kambi anakisikia kabla ya kujua kutembea. Sisi walimu tunawajua tena kwa jambo lingine: wanafika shuleni katikati ya mwaka bila buletini, na wengine wanaondoka kabla ya mitihani, kwa sababu batayo ya baba imehamishwa.

Juma hili tulikaa na mama mmoja wa ushirika wetu. Ameomba tusiandike jina lake, kwa kuwa bwana wake yuko kazini Kivu. Yeye ni mjukuu wa askari, mtoto wa askari, bibi ya askari. Na sasa mwana wake wa tatu, kijana wa miaka 19, anataka kuingia jeshi. Tangu Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, na Rais akaita vijana wajiandikishe, nyumbani hakuna habari nyingine. Baba alijibu kwa simu: ni vizuri. Mama hajajibu.

"Watu wananiuliza kama ninachukia jeshi," anasema. "Nitalichukia namna gani? Lilinilisha. Lakini lilinilisha vibaya."

Nkambo wake alikuwa askari wa Force Publique. Alikuwa kati ya wale waliotoka Kongo, wakapita Sudani, wakafika Ethiopia kupigana na Waitalia. Tarehe 3 mwezi wa saba 1941, pale Saïo, jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwao. Ushindi huo ulisifiwa sana, na mzee aliusimulia mpaka kufa kwake. Nkambo wa kike hakuwa na ushindi wa kusimulia. Askari wa wakati ule walikaa kambini pamoja na bibi zao, na baragumu ya asubuhi iliwaamsha wote. Yeye alilima, alipika, alifagia mbele ya nyumba kabla mzungu hajapita kukagua, na mzee alipokuwa mbali alilea watoto peke yake. Hakuna aliyempa medali.

Kisha 1960. Uasi wa askari ulianza Thysville tarehe 5 mwezi wa saba, siku chache baadaye ukafika mji wetu, na tarehe 11 Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Jamaa nyingi za hapa zinajua kilichofuata. Mdogo wa nkambo aliingia jandarmeri ya Katanga, na 1963, kujitenga kulipokwisha, alikimbilia Angola. Baba ya mama huyu, yeye, alikuwa askari wa Mobutu wakati wale wa Angola waliporudi na vita, 1977 na tena 1978 kule Kolwezi. Damu moja, bunduki mbili. Hata leo kwenye matanga ya jamaa hiyo jambo hilo halizungumzwi.

Lakini kinachomuumiza zaidi ni mwezi wa kumi 1991. Alikuwa na miaka 11. Mshahara wa askari ulikuwa si kitu tena, na uporaji ulioanza Kinshasa mwezi wa tisa ulifika Lubumbashi. Baba alirudi nyumbani na friji. Kambini hapakuwa na umeme, basi mama yake akaweka unga ndani. Tulicheka aliposema hivyo, naye alicheka, kisha akanyamaza.

"Tulikuwa na njaa, ndiyo. Lakini ile friji ilikuwa ya mtu. Tukienda sokoni watu walitutazama sisi watoto kama tuliibeba sisi."

Hatutaki kumtetea askari aliyepora. Waliopoteza maduka na vyombo bado wako kati yetu. Tunasema tu kwamba mshahara wa askari si jambo la nyumba yake peke yake. Usipofika, mji mzima unalipa. Zamani pesa zilipitia mikononi mwa makomanda, na kila mkono ulibakiza kitu. Kuanzia 2005 ujumbe wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kuhesabu askari na kutenga njia ya mshahara na njia ya amri, na baadaye benki ikaingia. Mama huyu anasema tofauti aliiona kwenye sufuria. Hata hivyo mshahara unaingia kwa bwana, Kivu, na yeye anangoja. Akingoja, anauza makala na kucheza likelemba ili watoto wasome.

Mara moja alimfuata bwana, mpaka Kamina, wakati wa brasaji, yaani kuchanganya majeshi ya zamani kuwa jeshi moja. Walilala chini ya hema la plastiki na watoto wawili. Wa tatu alizaliwa palepale, 2006. Ndiye huyu anayetaka kuwa askari.

Hapo tukafika kwenye neno lenyewe. Kijana hana cheti cha kuzaliwa. Muda wa kumwandikisha ulipita wakiwa Kamina, na sasa itahitaji hukumu ya tribunali. Mama naye hana akti ya ndoa. Mahari ilitolewa, padri alibariki, lakini ndoa haikuandikwa komini, na Kodi ya Familia ya 1987 inataka ndoa ya kimila iandikwe. Rafiki yake wa kambini alifiwa na bwana vitani. Alipoenda kudai haki ya marehemu, akti ndiyo aliyoulizwa kwanza. Hakuwa nayo. Leo anakaa kwa dada yake na watoto watano.

Tulimsomea kifungu cha 188 cha Katiba, kinachosema kwamba jeshi linatumikia Taifa lote. Alisikiliza vizuri. "Na bibi ya askari, yeye yuko kifungu gani?"

Kwa mwana wake amesema hivi: hatamfungia mlango, na hatampigia vigelegele. Kwanza cheti cha kuzaliwa. Na baba akipata ruhusa ya kurudi, kabla ya bukari, kabla ya wageni, watakwenda komini. Baada ya hapo ndipo atajibu.

Katika ushirika wetu kuna wamama wengine wanne wenye bwana jeshini na ndoa zisizoandikwa. Jumatano asubuhi tunakwenda pamoja kwenye komini Annexe kuuliza: bwana akiwa vitani, bibi afanye nini? Mwenye shida hiyo atukute kwenye kituo cha basi saa mbili, na alete kitambulisho, karatasi ya padri au pasta kama anayo, na majina ya mashahidi wa mahari walio hai.