Koli Ikipotea Njiani, Nani Atalipa?

Juma hili tunaongea juu ya jambo linalogusa karibu kila nyumba ya Kasongo na Kabambare: kutuma koli na kupokea koli. Mwenye mtoto anayesoma Kindu au Bukavu anamtumia mchele, karanga na bido la mawese. Anayeuza vikwembe sokoni anangojea balo lake kutoka Bukavu. Mwingine anangojea ndagala kutoka upande wa Ziwa Tanganyika, na mwingine dawa ya mgonjwa ambayo haikupatikana hapa kwetu. Wote wanauliza lile lile: koli itafika lini, itafika nzima, na isipofika, nani atalipa?

Swali hili si dogo. Mara nyingi ndani ya balo moja la vikwembe mna pesa ya wamama kumi na wawili, kwa sababu yule aliyeagiza alichukua zamu yake ya likelemba. Balo likipotea, hasara haiishii kwake. Wenzake wanangojea awarejeshee zamu zao, watoto wanafukuzwa masomo kwa kukosa malipo, na kikundi kinaweza kuvunjika kwa manung'uniko. Ndiyo maana tumeona vema kuchukua nafasi hii kulieleza jambo hili polepole, mpaka lieleweke.

NJIA ZETU NA TABU ZAKE

Kupeleka mizigo ni kazi ya zamani hapa kwetu. Wakati wa Tippu Tip, Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa misafara, na bidhaa zilitoka Ujiji hadi hapa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Kiswahili chenyewe tunachoongea leo kilikuja na njia hizo.

Siku hizi koli zetu zinapita njia nyingi. Kuna kamyo, moto na ndege. Kuna reli ya SNCC inayopita Kibombo kwenda Kindu upande mmoja na Kongolo upande mwingine. Kuna mitumbwi ya Lualaba. Tena kuna vijana wanaosukuma kinga zilizojaa mizigo siku nyingi porini, hata wakati wa matope.

Kila njia ina tabu yake. Kamyo inabeba kwa bei nafuu, lakini wakati wa mvua inaweza kukwama majuma mazima, na mvua inapenya turubai. Moto inakwenda mbio, lakini inabeba kidogo, na inapoanguka, koli inaanguka nayo. Ndege inafika upesi, lakini bei ya kilo ni kali, na mzigo unaweza kuachwa uwanjani kwa sababu ndege imejaa. Tena, koli inayofikia Alunguli, ng'ambo ya mto, bado haijafika Kindu mjini: inabidi kuvushwa Lualaba, na hapo kuna mikono mingine na malipo mengine. Kila mahali koli inapobadilisha mikono, ndipo inapoweza kupotea.

MALALAMIKO TUNAYOYASIKIA

Ukikaa sokoni nusu siku na kuuliza wamama juu ya ajansi za koli, utasikia mambo yanayofanana.

La kwanza ni kuchelewa bila habari. Mama anaambiwa siku nne. Siku ya kumi anapiga simu, na simu haipokelewi. Wengi wanasema kwamba kuchelewa wangekuvumilia, kwa kuwa barabara tunaijua. Linalouma ni kunyamaziwa.

La pili ni kupungua. Gunia lilitoka limejaa, linafika limelegea na kushonwa kwa uzi mwingine. Mtu wa ajansi anasema: ndivyo lilivyokuja.

La tatu ni malipo yanayozaliwa njiani. Umelipa yote wakati wa kutuma, kisha anayepokea anaombwa kuongeza: pesa ya barieri, pesa ya kushusha, pesa ya kulinda. Mtoto mwanafunzi hana kitu mfukoni, basi koli inalala hapo mpaka mchele unaingia wadudu.

La nne ni koli kutolewa kwa mtu mwingine kwa sababu jina limefanana. Kwetu akina Fatuma na akina Asha ni wengi, na jina moja bila namba ya simu halitoshi.

Mimi mwenyewe yalinipata. Nilituma bido la lita 20 za mawese kwa ajansi moja, ambayo sitaitaja hapa. Lilifika na lita 13 tu. Walisema bido lilikuwa na tundu. Bahati nzuri tulikuwa tumepiga picha ya bido kwenye mizani ya ajansi ile ile siku ya kutuma, na kilo zimeonekana wazi. Tulipoonyesha picha, maneno yalibadilika, na baada ya siku chache walilipa nusu ya mafuta yaliyopotea. Nusu si yote, lakini bila picha ile tusingepata hata franka moja.

SHERIA INASEMA NINI

Wamama wengi wanadhani kwamba koli ikipotea ni bahati mbaya, na mtu anabaki kulia peke yake. Sivyo. Nchi yetu ilianza kufuata sheria za OHADA tarehe 12 Septemba 2012. OHADA ni umoja wa nchi nyingi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara. Kati ya sheria hizo kuna moja inayohusu mikataba ya kusafirisha mizigo kwa barabara, iliyopitishwa Yaoundé, nchini Kameruni, tarehe 22 Machi 2003. Inahusu gari za moto zinazobeba mzigo kwa malipo. Haya ndiyo mambo yake ambayo mama anapaswa kuyajua.

Kwanza, mkataba unakuwepo mara tu mnapopatana kwamba atabeba mzigo kwa bei fulani. Hati ya mzigo ni muhimu sana kwa ushahidi, lakini kukosa hati hakufuti mkataba. Kwa hiyo shofa asikuambie kwamba huna haki kwa sababu hukupewa karatasi.

Pili, msafirishaji akishapokea mzigo, yeye ndiye mwenye kujibu ukipotea, ukipungua, ukiharibika au ukichelewa, mpaka atakapoutoa kwa mwenyewe. Anaweza kujitetea ikiwa kosa ni la mtumaji, au mzigo wenyewe una kasoro yake, au limetokea jambo ambalo hakuweza kuliepuka.

Tatu, anapopokea mzigo anapaswa kuangalia idadi ya koli, alama zake na hali yake kwa nje. Asipoandika kasoro yoyote, inahesabiwa kwamba aliupokea ukiwa mzima kwa nje. Hapo maneno ya “ndivyo lilivyokuja” yanakosa nguvu.

Nne, mzigo usiotolewa ndani ya siku 30 baada ya siku mliyopatana unahesabiwa kuwa umepotea. Ikiwa hamkupatana siku, hesabu ni siku 60 tangu alipoupokea. Huna lazima ya kungoja mwaka mzima ukiambiwa “inakuja, inakuja”.

Tano, malipo yana mpaka. Kwa mzigo uliopotea au kuharibika, mpaka ni franka za CFA 5 000 kwa kilo moja. Tufanye hesabu: balo la vikwembe la kilo 10 litalipwa isizidi CFA 50 000. Vikwembe vya kilo 10 vinaweza kuwa na bei kupita hapo! Dawa yake ni kutaja thamani ya mzigo na kuiandika kwenye hati siku ya kutuma. Msafirishaji anaweza kuomba bei ya juu kidogo, lakini koli ikipotea, mpaka unakuwa ile thamani iliyoandikwa. Kwa kuchelewa, malipo hayawezi kupita bei uliyolipa ya usafiri.

Sita, usichelewe kulalamika. Hasara inayoonekana kwa macho iandikiwe barua kabla ya mwisho wa siku ya kwanza ya kazi inayofuata siku ya kupokea. Hasara iliyojificha ndani ina siku 7. Na kabla ya kwenda tribinali, lazima uwe umeandika madai yako ndani ya siku 60 baada ya kupokea, au ndani ya miezi sita tangu mzigo ulipochukuliwa ikiwa haukufika kabisa.

Tuseme wazi: sheria hii haimgusi kijana wa kinga, kwa kuwa kinga haina injini. Lakini kanuni za kiraia za nchi yetu zinasema tangu zamani kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuirudisha. Na hata pasipo tribinali, mashahidi wawili mbele ya mkubwa wa mtaa wana uzito wao.

SISI NASI TUFANYE SEHEMU YETU

Haki ni pande mbili. Wenye ajansi nao wana malalamiko yao, na mengine ni ya kweli. Tunawaletea mawese katika bido la zamani lililozibwa kwa sabuni. Tunafunga ndagala pamoja na vikwembe, kisha tunashangaa nguo zikinuka. Tunaficha pesa ndani ya unga bila kumwambia mtu. Mzigo ukiharibika kwa sababu ya kufungwa vibaya, sheria inamwachia mtumaji hasara yake. Basi kabla ya kutuma, tufuate haya:

1. Mchele, karanga na unga vitiwe katika mfuko wa plastiki kwanza, halafu gunia, halafu lishonwe kwa uzi wa rangi ambayo si ya kawaida. Uzi ukibadilishwa utaonekana.

2. Bido lijaribiwe na maji usiku mzima. Usilijaze mpaka mdomoni, maana mafuta yanapanda kwa joto.

3. Andika juu ya koli, kwa wino usiofutika na pande mbili: jina lote la anayepokea, mji, mtaa, na namba mbili za simu. Tia karatasi yenye maneno hayo hayo ndani pia.

4. Pima kilo mbele ya mtu wa ajansi na upige picha ya koli ikiwa juu ya mizani. Kama simu yako haina picha, omba ya jirani.

5. Omba hati. Iwe na tarehe, idadi ya koli, kilo, bei uliyolipa, siku ya kufika, na thamani ya mzigo. Kama hawana karatasi, andika wewe katika kaye ya mtoto, asahihi wao. Andika pia namba ya kamyo na simu ya shofa.

6. Uliza wazi: je, bei hii ni yote, mpaka mkononi mwa anayepokea? Jibu liandikwe.

7. Pesa isitiwe ndani ya koli. Itumwe kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money.

8. Anayepokea asisahihi kabla ya kupima na kufungua. Kama kuna upungufu, auandike juu ya karatasi ile ile kabla ya kuondoka.

UMOJA NDIO NGUVU

Mama mmoja akienda kulalamika kwa koli moja, anaambiwa arudi kesho. Wamama ishirini wakienda pamoja, wanapewa kiti. Ajansi inaishi kwa wateja, na wateja wengi ni sisi.

Kwa hiyo tunashauri kila kikundi kifanye mambo matatu. La kwanza, kiwe na kaye moja ya koli. Kila mama anayetuma au kuagiza aandikishe: ajansi gani, siku gani imetoka, siku gani imefika, imefika nzima au imepungua. Baada ya miezi mitatu kaye yenyewe itasema ni nani wa kuaminiwa, bila masengenyo na bila chuki. La pili, koli za wanakikundi zitumwe pamoja pale inapowezekana. Mzigo mkubwa unapata bei ya kupatana, na mwenye kamyo anaogopa kupoteza mteja mkubwa. La tatu, tuwe na mtu wetu mwaminifu kila upande, Kindu na Bukavu, mzazi au ndugu wa mmoja wetu, apokee na kuhesabu kwa niaba ya wote, akilipwa kidogo kwa kazi yake.

Lakini tusisahau kusifu. Wako mashofa wanaolala chini ya kamyo usiku wa mvua wakilinda mizigo ya watu. Wako vijana wa kinga waliovusha dawa mtoni na kuifikisha siku ile ile. Mtu kama huyo mpigie simu, umshukuru, umpelekee na wateja wengine. Wahenga walisema: chanda chema huvikwa pete.

Katika mkutano wenu wa juma hili, someni ukurasa huu kwa sauti, kwa ajili ya wamama wasiojua kusoma. Kisha kabla ya kuachana, mchague mama mmoja wa kushika kaye ya koli, na muandike ya kwanza siku hiyo hiyo.